Sifa za Ritifaa ya Waingereza

Wanaosifu simba na wafalme waendelee na kazi yao. Mimi nasifu ritifaa ya Kiingereza, kale kamkia kanakoning'inia baina ya mwenye mali na herufi s.

Tazama nguvu zake. Andika the girl's books, msichana ni mmoja. Sogeza kamkia hatua moja, the girls' books, na vitabu vimeshapata wenyewe wengi. Soma yote mawili kwa sauti: hakuna sikio litakalong'amua tofauti. Sisi huku twahangaika na kitabu cha mtoto, nyumba ya mtoto, viatu vya mtoto, kila ngeli ikidai chake, na ubaya ni kwamba yote yanasikika. Mwenzetu anamilikisha kimyakimya.

Ana upendeleo pia, kama mkubwa yeyote. Mbwa atapewa ritifaa, hata wiki iliyopita itapewa. Lakini its, inayomiliki kweli, imenyimwa. Ukiivisha inageuka kuwa it is. Kanuni isiyo na mtego kama huu mwanafunzi angeimaliza darasa la nne, kisha mwalimu ale nini?

Ukarimu wake waujua wauza mboga wa Uingereza, wanaoandika potato's kwenye vibao vyao. Kiazi kimekuwa mwenye mali! Nani mwingine aliwahi kukiheshimu hivyo? Na pale London, kwenye njia ya treni ya Piccadilly, kituo cha Earl's Court kina ritifaa. Kinachofuata, Barons Court, hakina. Usiulize kwa nini, utachelewa kushuka.

Mwaka 2001 mzee John Richards, mwandishi wa habari mstaafu, alianzisha chama cha kuilinda. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alikifunga akisema ujinga na uvivu vimeshinda. Wengine wakakifufua. Ni alama gani nyingine ya uandishi iliyowahi kuwa na chama, kikafa, kikafufuka? Nukta haina hata mjumbe wa nyumba kumi.

Bristol nako kuna bwana ambaye hajataja jina lake, anayezunguka usiku na stika na mti mrefu aliouunda mwenyewe, akisahihisha mabango. Aliikuta saluni moja imeandikwa Amys Nail's: mwenye duka kanyimwa, kucha zimepewa. Akaziba huku, akabandika kule, akaenda zake kulala, na Amy akarudishiwa kucha zake bila kufika mahakamani.