Wasifiwe Walioacha Vyote

Familia inayozunguka visiwa vya Polynesia ya Kifaransa kwa katamarani yake imeipa dunia kisogo, na ushahidi upo: imebakiwa na friza, mashine ya kufulia, mtambo wa kuondoa chumvi majini na intaneti ya setilaiti, basi. Watawa wa jangwani walijitahidi, lakini hawakufika hapo. Wabishi watasema Wapolynesia waliivuka bahari hiyohiyo kwa mitumbwi pacha wakifuata nyota, na kwamba mwaka 1976 chombo cha aina hiyo, Hōkūleʻa, kilitoka Hawaii hadi Tahiti bila hata dira. Sawa, ila hao walikuwa na waendako. Ushujaa ni kutokwenda popote, tena kwa picha kila machweo. Na mvuvi wa pale anayekesha majini? Huyo hastahili sifa, hakuwa na cha kuacha. Isitoshe, mtumbwi wake unaharibu picha.