Kona ya Chumba Changu

Kiwanja changu cha Luano nilikinunua mwezi wa Agosti, vumbi tupu, na kilichonivuta ni usawa wake. Majirani wana vichuguu vinavyomzidi mtu mara mbili. Changu kilikuwa bapa kama meza. Sikuuliza kichuguu cha kwangu kilikwenda wapi. Lubumbashi nzima inajua: kilikwenda kwenye tanuri la matofali, maana udongo wake ni wa mfinyanzi kuliko ule wa pembeni.

Fundi alishuka katika mfereji wa fondasio na nondo mkononi. Upande wa barabara akaichomeka: ikagonga udongo mwekundu, ikagoma. Akahamia kona ya chumba changu cha kulala. Nondo ikazama taratibu mpaka kwenye ngumi yake, kama mwiko kwenye uji.

"Papa, kichuguu kilikuwa kimekaa hapa."

Ndege ikapita juu yetu ikienda kutua. Akangoja inyamaze.

"Na mama yao yuko chini bado."

Alitaka tuondoe ulaini wote mpaka tukutane na udongo mgumu, tumtoe malkia wa mchwa, kisha turudishie udongo mwekundu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa. Udongo ule wa mfinyanzi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukuta, alisema, haujui kucheza rumba. Siku nne za ziada. Nikapiga hesabu, nikaona pesa za bati zangu zinaondoka. Nikamwambia arudishe udongo uleule. Kushindilia nitashindilia mwenyewe.

Nilishindilia Jumapili, kwa gogo nililolipigilia mishikio miwili, viatu vya kanisani miguuni. Dakika ishirini. Udongo uliitika puu, puu, nami nikadhani unanikubalia.

Ikaja mvua ya kwanza. Hakujapambazuka vizuri nikasikia kelele kiwanjani: watoto wa mtaa mzima wameizunguka kona yangu na tochi na mabeseni. Kumbikumbi walikuwa wakifumka mferejini kama moshi, pale pale nilipopanga kuweka kitanda.

Saa mbili mama jirani akaniletea sahani, wamekaangwa na chumvi.

"Kula, Papa. Ni wako, wametoka chumbani."

Fundi alikuwa ameshafika. Akachota konzi, akatafuna akiangalia mfereji.

"Zile siku nne," nikaanza.

"Tano," akasema, akachota tena.