Katika Kulisifu Tairi Kipara

Miongoni mwa vitu ambavyo binadamu huvitumia mpaka mwisho kisha akavitukana, hakuna kinachodai kuombwa radhi kama tairi kipara, yaani tairi la gari ambalo kashata zake, zile nundu na mifereji iliyochongwa usoni ili kushika barabara na kufukuza maji, zimelika zikaisha. Utetezi wa namna hii una asili ya heshima: Synesius wa Cyrene, mwanafalsafa wa Afrika ya Kaskazini aliyekuja kuwa askofu mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika risala nzima ya kusifu upara wa kichwa, akimjibu Dio Chrysostom aliyekuwa amezisifu nywele, na ikiwa kichwa kilichopoteza nywele bila kubeba chochote kilipata wakili, basi tairi lililopoteza zake kwa kumbeba mtu, familia yake na magunia yake lina haki ya kupata wawili.

Mahali panapofaa kusomea kesi hiyo ni Al Ras, mtaa wa kale wa Deira ulio karibu na mdomo wa Khor Dubai, ile hori ya maji ya chumvi inayoitenga Deira na Bur Dubai, jirani na soko la viungo na Shule ya Al Ahmadiya iliyoanzishwa mwaka 1912. Gatini hapo tairi jipya na tairi kuukuu hukutana katika vyeo visivyolingana. Jipya limelazwa kwenye rundo pamoja na majokofu na maboksi, likisubiri kupakiwa jahazini, na mpaka saa hiyo halijamfanyia mtu yeyote lolote. Kuukuu linaning'inia kwa kamba ubavuni mwa jahazi hilohilo likifanya kazi ya dapra, yaani kinga inayozuia mbao zisisuguane na ukuta wa gati. Abra, mashua ndogo za kuvusha abiria, zikipita na kusukuma mawimbi, jahazi huegemea, tairi hubonyea, mpira hulia kidogo dhidi ya saruji, kisha hurudia umbo lake, na kazi hiyo huendelea mchana na usiku bila mshahara wala bima. Chumvi na jua vimelichujua ubavu mpaka likawa na rangi ya majivu, lakini mtu akiinama karibu bado atasoma tarakimu nne zilizogandishwa humo kiwandani.

Tarakimu hizo ndizo msingi wa fadhila ya kwanza ya tairi, ambayo ni ukweli. Mbili za mwanzo hutaja juma na mbili za mwisho hutaja mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019, na ni viumbe wachache sana, hasa waliokwisha kupita ujana, wanaokubali kutembea mitaani na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa ubavuni. Zaidi ya hayo, ndani ya mifereji mna vijiti vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, ambavyo uso wa tairi ukilingana navyo, basi tairi limejishtaki lenyewe bila kungoja shahidi. Hata namna linavyolika ni ungamo, isipokuwa dhambi zinazoungamwa ni za mwenye gari: likilika katikati tu, mwenyewe alizidisha upepo, likilika kingo zote mbili, aliunyima, likilika upande mmoja, magurudumu hayakunyooshwa tangu siku ile alipoingia shimoni akasema si kitu, na likilika kwa mabaka, shokabu zimekufa zamani na mwenye gari anajua. Tairi kipara, kwa maneno mengine, halina siri, na huenda ndiyo sababu madereva wengi hawapendi kulitazama.

Wapo wanaolipenda kwa hoja ya kitaalamu. Magari ya Formula 1, ambayo tangu mwaka 2009 hushindana pia katika uwanja wa Yas Marina huko Abu Dhabi, huvaa siku za ukavu matairi yasiyo na kashata hata moja, kwa kuwa uso usiochongwa hugusa lami kwa upana wake wote. Kwa hiyo dereva wa pikapu mwenye tairi kipara amefikia bure daraja ambalo wengine hulilipia mamilioni. Hoja hii ina kasoro ndogo na kasoro kubwa. Ndogo ni kwamba mpira wa mashindano hutengenezwa uwe laini na wa kunata, tena hutupwa kabla ya kuzeeka, ilhali wa pikapu umekwisha kukakamaa. Kubwa ni maji, kwani mifereji ikiisha maji hukosa pa kukimbilia, hujikusanya chini ya tairi na kulinyanyua, usukani ukabaki pambo. Ni kweli kwamba Dubai hupita miezi bila tone, na kipara hukaa na heshima yake muda wote huo. Lakini tarehe 16 Aprili 2024 uwanja wa ndege wa Dubai ulipata zaidi ya milimita 140 za mvua ndani ya saa 24, kiasi kinachozidi mvua ya kawaida ya mwaka mzima, na siku hiyo wanazuoni wa tairi kavu hawakusikika.

Mpinzani halisi wa kipara ni tairi zee lenye kashata nzima, ambalo ndilo mnafiki wa familia. Gari lililosimama muda mrefu juani, pengine likisubiri mnunuzi wa kulipeleka Afrika, halimalizi kashata, lakini joto na hewa huula mpira kimyakimya: mafuta yake hutoka, ubavu hufanya mipasuko myembamba, na gundi inayoshikanisha mpira na nyaya za chuma ndani yake hulegea, mpaka siku ya mwendo kasi kwenye lami inayopita nyuzi 60 za Selsiasi uso mzima unafumuka. Kwa sababu hiyo katika Falme za Kiarabu tairi lililopita miaka 5 tangu kutengenezwa huhesabiwa kuwa limekwisha muda hata likiwa na kashata za harusi. Anayeendelea na tairi lililokwisha, kwa kanuni za mwaka 2017, hupigwa faini ya dirhamu 500, hupewa alama nyeusi 4 na gari lake huzuiliwa siku 7, heshima ambayo tairi jipya halijawahi kuipata.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayenunua gari la mtumba huko Dubai, akapiga teke magurudumu na kuridhika kwamba kashata zipo, amehojiana na mnafiki na kuuacha ukurasa wenye tarakimu nne. Tairi kipara lisingemfanyia hivyo. Lingemfukuza kwa sura tu. Na likishafukuzwa barabarani, kazi haiishi: lisipochukuliwa na nahodha kuwa dapra, huangukia mikononi mwa fundi wa makatambuga, zile ndala za mpira wa tairi zinazovaliwa tangu mijini mpaka kwa wafugaji wa Kimasai, na mteja wake, kabla ya kulipa, huzipindua kwa makini akazitazama kashata.