Picha 800, Kazi Ileile

Msyuu! Jamani, hivi mpaka leo kuna kijana anakesha kwa kazi hii? Anafungua picha ya harusi, anapunguza saizi, anabandika nembo ya studio, anasevu, anafunga, anafungua nyingine. Picha 800! Macho mekundu, mgongo hoi, na mama wa bibi harusi hachoki kupiga simu: "Mwanangu, picha zetu vipi?"

Kazi hiyo programu ya Photoshop inaiweza tangu 1996, toleo lake la 4 lilipokuja na Actions, yaani hatua za kurekodi na kurudia. Unabonyeza kurekodi, unaifanya picha moja kwa mkono wako, unasimamisha, kisha unaikabidhi folda nzima na kwenda zako kunywa chai. Ila nembo usiikokote kwa mausi! Ukirekodi hivyo kwenye picha ya kulala, ikifika ya kusimama nembo inatoka nje ya fremu. Tumia amri ya kuipanga ukingoni.

Huna hela ya leseni? Programu ya ImageMagick ipo tangu 1990, bure kabisa, na mstari mmoja wa amri unapunguza picha zote. Lakini nawasihi, wadogo zangu: amri yake ya mogrify, usipoielekeza folda nyingine, inaandika juu ya picha yenyewe, na ile ya awali imekwenda. Nakilini folda kwanza. Hakuna atakayefunga ndoa upya kwa ajili ya mpiga picha.

Sasa linaloniuma hasa ni ngozi. Vijana wanarekodi mpaka rangi ya uso, wanaimwaga kwenye folda yote. Aka! Turubai la bluu hutupa ubluu kwenye nyuso za wote waliokaa chini yake. Waliosimama juani hawana. Dawa moja kwa wote, na lazima upande mmoja uharibike. Na dawa ile ya kung'arisha ngozi ndiyo mbaya zaidi: dada mweusi tii anatoka kama kapakwa majivu. Huko ni kumkosea mtu siku yake.

Zigawe picha kwa mwanga: za turubai kivyake, za juani kivyake, za ukumbini kivyake. Rekebisha moja, zigawie zenzake za kundi hilo, halafu pitia nyuso kwa jicho lako. Usiku wako utumie hapo. Bibi harusi wa chini ya turubai apate weusi wake kamili, na mama mtu apewe picha Jumatano, siyo mwezi ujao.