Jinsi ya Kuwagawia Wadai Pensheni Yako: Mwongozo kwa Wakaaji wa Kindu

Mzee wangu, mama yangu, pole na hongera. Kazi ilikuvunja mgongo, makaratasi ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, yakazunguka hadi ukachoka, na sasa pensheni ya ulemavu inaingia benki. Kuipoteza si kazi ngumu.

Anza na Bank Lambert. Haina kibao wala dirisha: ni jirani mwenye daftari, anayekukopesha leo na mwisho wa mwezi anadai nusu juu yake, pengine mara mbili. Hataki shamba. Anataka kadi yako ya benki, na namba ya siri umwandikie kwenye kikaratasi. Mpe vyote. Siku ya malipo, wewe bado unangoja mtumbwi wa kuvuka Lualaba kutoka Alunguli, yeye ameshachota. Atakusalimia kwa heshima na kukurudishia chenji. (Mishahara ya serikali ilipoanza kupitia benki mwaka 2011, Matata Ponyo, mwana wa Kindu, akiwa waziri wa fedha, shabaha ilikuwa kuzuia wagawaji wasiikate njiani. Bank Lambert aliacha foleni ya mgawaji, akahamia kwenye kadi.)

Kama mdai wako anapenda mahakama, itabidi ujitahidi zaidi. Sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, zinazotumika Kongo tangu 2012, zinaachia kila nchi itaje mali isiyokamatwa, kisha zinaongeza kwamba fedha yenye kinga haipotezi kinga yake kwa kuingia kwenye akaunti. Ni kikwazo kibaya hicho. Dawa yake ni kuchanganya: pitishia humo michango ya kanisa, faida ya mihogo na feza ya mpwa wako anayeuza vitenge, hadi hakimu mwenyewe ashindwe kusema faranga ipi ni pensheni. Barua ya CNSS na karatasi za malipo zifungie karanga.

Mjumbe wa mahakama akileta karatasi ya kukamata akaunti yako, usiifungue. Ni Kifaransa kitupu, iweke chini ya godoro. Muda wa kulalamika ni mfupi. Ukipita, mdai anachukua hati kwamba hukulalamika, na benki inamlipa. Kimya chako kimepigwa muhuri. Akitokea mtoto wa shule kukwambia uende kwa hakimu mapema na barua ya CNSS, pamoja na taarifa ya akaunti isiyopokea kitu kingine ila pensheni, mwambie hupendi makelele.

Sheria ya Mei 2022 ya kulinda watu wenye ulemavu unaweza kuitaja kwa fahari unaposubiri chenji. Haikuleta malipo ya kila mwezi. Aliyezaliwa na ulemavu, au aliyeumizwa na vita bila kuwahi kukatwa mchango wa CNSS hata siku moja, asipoteze muda na mwongozo huu: hana pensheni ya kunyang'anywa.