Barua ya Shukrani kwa Wizara ya Elimu, kutoka kwa Mpangishaji wa Nyegezi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Mheshimiwa,

Naomba kukuarifu mbele ya hadhara ya wasomaji kwamba mimi ni mtu mzima wa Nyegezi, Mwanza, ambaye riziki yake Mwenyezi Mungu ameijaalia katika vyumba vichache vya matofali vilivyobanwa kati ya majabali, navyo huvikodisha kwa wanafunzi. Na nakuandikia si kwa kulalama, maana malalamiko mezani kwenu yamekwisha kuwa mengi, bali kwa kukushukuru wewe na wote waliokutangulia katika kiti hicho, kwa ihsani mliyotufanyia ya kutotujengea chuo kikuu cha umma.

Wako wenye kinyongo wasemao kwamba mkoa wenye watu 3,699,872 kwa sensa ya mwaka 2022, tena wenye jiji linalofuata Dar es Salaam kwa ukubwa, ungestahiki chuo kikuu cha Serikali chenye makao yake hapa hapa, ilhali Mbeya wanacho, Moshi wanacho, Morogoro wanavyo viwili, na Dodoma walipewa chao mwaka 2007. Wasemao hayo hawajui kubana matumizi. Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo hapa Nyegezi mwaka 1960, Tanganyika haijapata hata uhuru, kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Na kule Bugando vilevile ni Kanisa linalofundisha madaktari. Maadamu maaskofu wamekwisha kujitwisha mzigo, ya nini Serikali nayo ijiumize mgongo?

Wala si kweli kwamba mlitusahau. Chuo cha Elimu ya Biashara, Chuo cha Usimamizi wa Fedha na Taasisi ya Uhasibu Tanzania, vyote vitatu makao makuu Dar es Salaam, kila kimoja kimetuletea kampasi yake, na kila kimoja, kwa bahati njema, kinafundisha uhasibu. Hata ikawa leo kijana wa Mwanza anayetaka kujua namna ya kuhesabu fedha ana milango mitatu ya Serikali ya kubisha hodi, na anayetaka kujua fedha hiyo hupatikanaje katika ziwa, katika pamba au katika dhahabu ya Geita, huelekezwa stendi ya mabasi. Siitii katika hesabu hii Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo kampasi yake ya hapa hufundisha kazi za ngozi, jambo linaloendana mno na mahitaji ya nchi ya wafugaji, kiasi cha kunitia shaka kwamba lilipitishwa kwa kughafilika.

Mimi binafsi nimefaidika. Mmoja wa wapangaji wangu, mwanafunzi wa uhasibu mwaka wa pili, hana bweni, kwa hiyo ananilipa mimi; hana kimbweta cha kujisomea, kwa hiyo jioni hupanda juu ya jabali lililo nyuma ya choo na madesa yake yaliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, akakaa huko akijiandaa kwa sapu hadi mbu wamshushe. Bumu lake, yaani mkopo wa kujikimu, ni shilingi 10,000 kwa siku, ambazo ndani yake mna chai na chapati, wali na maharage kwa mama lishe, nauli ya daladala, na mimi. Usiku hupika dagaa ukumbini, maana minofu ya sangara ina safari ya ndege kwenda Ulaya na haiwezi kumngoja. Nilipotaka kumwongezea kodi alinikabidhi karatasi mbili zilizopangwa vizuri, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, akinithibitishia kwamba gharama zangu hazikupanda kwa kiasi nilichodai, na kwamba bati la chumba chake limekwisha kuchakaa kihesabu tangu miaka mingi. Kodi nikaiacha pale pale. Elimu mnayoitoa ni ya kweli, Mheshimiwa. Deni la mkopo wake atakuja kulilipa kwa asilimia 15 ya mshahara, pindi mshahara utakapopatikana.

Kuhusu ziwa lenyewe, ambalo nusu yake na zaidi kidogo ni letu, nakiri kwamba mmelihifadhi vema dhidi ya wasomi wetu. Pana samaki wadogo tuwaitao furu, wa aina mamia, ambao wengi walitoweka katika miaka ya 1980 baada ya kuliwa na sangara, aliyepandikizwa ziwani zama za ukoloni. Na waliokuja kuketi katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 wakiwavua, wakiwapima na kuwapa majina, walikuwa wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mmoja wao, Tijs Goldschmidt, akayatungia mambo hayo kitabu mashuhuri mwaka 1994, kwa Kiholanzi. Sisi tunacho chuo cha uvuvi hapa Nyegezi, kitoacho astashahada na stashahada. Shahada ya samaki mjukuu wangu ameifuata Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, akapanda basi alfajiri na mfuko wa dagaa wa Ukerewe, ambao nyanya yake alidhani watahitajika darasani.

Nasikia pia kwamba ng'ambo ya ghuba, wilayani Sengerema, kutokana na mkopo wa elimu ya juu wa Benki ya Dunia wa mwaka 2021, dola milioni 425 zilizogawanywa nchi nzima, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam nacho kinajenga kampasi. Sina neno, maadamu makao makuu yamebaki yalipo.

Haja yangu ni moja tu. Iwapo Wizara yako ina azma ya kutuongezea kampasi ya nne ya uhasibu, ninacho kiwanja huku mlimani, chenye hati na maji ya bomba siku za Jumanne, na majabali yake mawili makubwa yanaweza kuachwa yalivyo, yakahesabiwa kuwa maktaba.

Wasalaam,
Mpangishaji wa vyumba,
Nyegezi, Mwanza.