Kila Mtu ni Mtaalamu wa Gundi

Kuanzia Isebania hadi Mbita sijakutana na mtu asiye na msimamo kuhusu gundi. Muulize mtu njia ya kwenda Sori, atataka kwanza kujua unakwenda kwa nani. Lakini muulize gundi gani inaweza kushika faiba kwenye bati la gari, papo hapo anazima bodaboda, anavua helmeti na kuanza somo. Abiria wake naye anashuka kumsahihisha.

Nasema hivi kwa uchungu wa mwenye Peugeot 504, ile ndefu ya kubeba ukoo, niliyoachiwa na marehemu mzee. Watoto wa siku hizi wakiiona wanauliza kama inatumia petroli au maombi. Hawajui kwamba ni 504 iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978. Hawajui kwamba wakati fulani ukitaka kufika Nairobi na heshima zako, ulisubiri Peugeot ijae. Wao wanajua Probox.

Tatizo ni ubavu wa nyuma, upande wa kushoto, pale nyuma ya gurudumu. Umeliwa. Si chumvi, maana ziwa letu ni la maji baridi. Ni tope la muram la Nyatike, lililoingia humo ndani miaka nenda rudi likakaa na unyevu wake kama mpangaji asiyelipa kodi. Fundi wa kuchomelea alijaribu, lakini bati lilikuwa limebaki jembamba hivi kwamba kila akiziba tundu moja moto unafungua mengine mawili. Ubavu wenyewe umechomelewa na bodi nzima, haufunguki kwa spana. Na kwa wauza vipuri, ukitaja 504 wanakuangalia kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba.

Ndipo fundi wangu wa bodi pale Migori akasema tutengeneze kipande cha faiba. Hapo namsifu, kabla sijaanza kumlalamikia. Alitafuta 504 nyingine iliyostaafu kule Awendo, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, akausugua ubavu wake wa kushoto kwa polishi ya sakafu na kuutolea kalibu. Akarudi na kalibu, akaipaka polishi tena, akatandaza mkeka wa nyuzi za kioo, akapiga rezini kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Kipande kikatoka na mkunjo wake wote kama kilivyotoka Ufaransa. Tukashikana mikono. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Sasa kibandike.

Kijana wa bodaboda alipendekeza ile gundi ya kichupa kidogo, inayoshika vidole kuliko kitu kingine chochote. Ikikauka inakuwa ngumu lakini dhaifu wa moyo. Gari likipita tuta moja la Rongo, inakatika. Muuza hadwea akanitolea kopo ambalo kwa maelezo yake linashika mbao, viatu, marumaru, plastiki na ndoa. Mimi gundi inayoshika kila kitu siiamini, kama nisivyomwamini mwanasiasa wa aina hiyo. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema tupige riveti tu tumalize. Kila tundu la riveti ni mlango wa maji, na maji ndiyo yaliyotufikisha hapa. Sikumjibu. Nilimwongezea chai.

Fundi mwenyewe alitaka kutumia fila. Fila! Ile puti ya kujazia mabonde kabla ya rangi. Nikamwambia fila ni unga uliokandwa kwa rezini, kazi yake ni kufunika aibu, si kubeba mzigo. Ikipasuka inanyonya maji na kutu inaanza upya chini ya rangi, mahali usipoiona. Akanijibu, “Jaduong’, hii nimefanyia magari mengi.” Hilo ndilo jibu la kila fundi kuanzia hapa hadi Kisumu. Magari hayo mengi sijawahi kuonyeshwa hata moja.

Si kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Mwaka 1953, kule Flint, Marekani, Chevrolet walitoa Corvette 300, kila moja na bodi ya faiba tupu. Nchi za watu, vipande vya bodi vinagandishwa kwa gundi na gari linakimbia hadi linaitwa la kale. Sisi tunashindwa na kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa sinia la pilau.

Mwishowe niliifunika ile nafasi kwa karatasi ya nailoni, nikaelekea Homa Bay kwa njia ya Awendo, Rongo na Rodi Kopany. Kila stendi makanga walikuwa na neno. Sikwenda kutafuta fundi wa magari. Nilikwenda ufukweni, kwa fundi wa boti. Fikra yangu ilikuwa nyepesi: fundi wa gari akikosea gundi, utarudi kumtukana. Fundi wa boti akikosea, hutarudi.

Mzee yule hakuuliza nimeleta gundi gani. Aligeuza kile kipande, akachovya vidole kwenye kopo la maji na kurushia matone upande wa ndani. Maji yakatandaa. Akarusha upande wa nje, ule uliolala kwenye kalibu. Maji yakajikunja, yakawa shanga shanga, yakateleza hadi chini.

“Hii mlipaka nini?”

“Polishi ya sakafu.”

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Polishi ndiyo inayofanya kipande kiachie kalibu, na polishi hiyo hiyo itafanya kiachie gari. Ukiipiga msasa kwanza unaisukuma ndani zaidi. Kwa hiyo asetoni kwanza, kwa kitambaa safi, kisha kitambaa kingine safi, maana kile cha kwanza sasa ni cha kurudisha polishi ulikoitoa. Baada ya hapo msasa namba 80, hadi mng’ao uishe kabisa. Upande wa bati, kwangua kutu hadi chuma king’ae, na ubandike siku hiyo hiyo, maana hewa ya ziwani haimngojei mtu. Vumbi la faiba linawasha, hilo lijulikane. Mama watoto amepiga marufuku shati langu kuingia ndani, na nina wasiwasi marufuku hiyo inanisogelea na mimi.

Kuhusu gundi, alikuwa na maneno machache, nami nikampenda kwa hilo. Rezini ya kawaida ya kutengenezea faiba inapendana na faiba mwenzake, lakini kwenye chuma inabanduka. Ile gundi nyeusi ya vioo vya mbele ina mnyumbuko mzuri, ila inataka dawa yake ya kutangulizia, na asiyekuwa nayo asijisumbue. Yeye hutumia epoksi, jamii moja na Araldite, lakini si ile inayokauka kwa dakika tano. Anataka ile ya polepole, isiyokuwa ngumu kupita kiasi, kwa sababu faiba hutanuka kwenye jua kuliko chuma, na jua la Homa Bay saa nane mchana halina mzaha. Akaikoroga na nyuzi za faiba zilizokatwakatwa ikawa nzito kama uji wa mgonjwa.

Kisha akafanya jambo lililonifanya nisogeze kiti. Alikata nailoni ya kuvulia mbuta, vipande vifupi, akavilaza ndani ya gundi kando kando ya bati. Nikamuuliza vya nini. Akasema mafundi wa barabarani hubana hadi gundi yote inatoka nje, halafu wanafurahi wakiiona imemwagika, kumbe ndani kumebaki pakavu. Nailoni inazuia. Hata ubane kwa nguvu za ng’ombe, unene wa gundi unabaki pale pale, kama milimita moja.

Upimaji ndio ulionimaliza. Kule Migori hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, inamiminwa kwa jicho. Rezini ya kawaida inataka asilimia 1 hadi 2 tu, yaani mililita 10 hadi 20 kwa kilo, na jua likiwa kali unapunguza. Fundi wangu humimina hadi roho iridhike. Nimeshuhudia kikombe chake kikitoa moshi chenyewe juu ya meza, naye anakisifu kwamba “dawa iko na nguvu.” Epoksi haitaki hata huo mchezo. Kipimo chake ni kimoja, na ukizidisha hadina ili ikauke haraka, haikauki haraka; inabaki laini.

Mzee wa boti akanituma mabomba ya sindano. Nikaingia duka la dawa. Dada wa pale akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema gari. Akafunga daftari lake, akaegemea kaunta na kuniuliza, “Mmebandika na gundi gani?” Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Ana mjomba wake Oyugis anayetumia kitu kingine.

Kipande kimekaa. Nimekigonga kwa kifundo cha kidole, kinatoa sauti ya kitu kimoja na bodi. Mkebe umeandikwa saa 24 kabla ya kukisumbua na siku 7 kabla ya kukipa kazi kamili, na mimi, tofauti na watu wote wa kaunti hizi mbili, nimeusoma mkebe. Nikatangaza nyumbani kwamba gari halitoki wiki nzima.

Jioni hiyo hiyo akapiga simu mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya Ndhiwa. Gari langu limo kwenye orodha ya Jumamosi, wazee watano, kutoka Rodi hadi nyumbani kwa marehemu, barabara ya muram. Nikamweleza habari ya epoksi, ya ubavu wa kushoto, ya siku 7. Akanisikiliza kwa heshima zote hadi nikamaliza.

“Hakuna shida, jaduong’,” akasema. “Wazee wote tutawapakia upande wa kulia.”